Sanitaiza na watoto wadogo: hatari iko kwenye chupa, si kwenye mkono uliokwisha kukauka

Muuguzi wa Zamu (mwanzisha uzi)

Habari za humu wakuu.

Niko wodi ya watoto. Kuna swali moja wazazi wananiuliza kila mara: "Nesi, nimempaka mtoto sanitaiza halafu akatia vidole mdomoni, itakuwaje?" Na kuna jingine ambalo karibu hakuna anayeniuliza: chupa yenyewe ikae wapi. Tunaogopa pasipo na kitu, penye kitu tunapita tukipiga mluzi. Acha niweke hesabu mezani, mwenye swali aulize na mwenye kunisahihisha anisahihishe.

Kwanza kilichomo. Fomula mbili za Shirika la Afya Duniani ni hizi: moja ina ethanoli asilimia 80, nyingine ina aisopropanoli (aina nyingine ya pombe, si ya kunywa) asilimia 75. Kinachobaki ni maji, gliserini kidogo ya kulinda ngozi na haidrojeni peroksaidi kidogo sana. CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, yenyewe inasema sanitaiza isipungue asilimia 60, la sivyo haifanyi kazi ipasavyo. Sasa kumbuka kwamba ethanoli ndiyo kilevi chenyewe, kile kile cha kwenye glasi, na pombe kali nyingi za kunywa zinaishia asilimia 40 hivi. Kwa hiyo kile kichupa cha mkobani ni kikali kuliko karibu kila kitu kilichopo kwenye kaunta ya baa.

Chukua mtoto wa kilo 10, wa mwaka mmoja hivi. Akimeza kijiko kimoja cha chakula, yaani mililita 15, cha sanitaiza ya asilimia 70, amemeza karibu mililita 10 na nusu za pombe tupu, ambazo ni gramu 8 na kitu. Ukizisambaza kwenye mwili mdogo namna ile, pombe kwenye damu yake inaweza kupita miligramu 100 kwa desilita, yaani kwa kila mililita 100 za damu. Dereva mtu mzima akikutwa na 80, nchi nyingi anawekwa pembeni. Na tunaongelea kijiko kimoja tu, chupa bado imejaa.

Tulinganishe na vidole. Ukibonyeza pampu mara moja unapata mililita moja au mbili, unasugua, na ndani ya nusu dakika pombe karibu yote imeshapaa hewani. Anacholamba mtoto ni gliserini na mabaki. Hakuna haja ya kukimbilia hospitali. Msubiri tu mikono ikauke kabla hajaishika pua, macho au chakula, basi.

Kinachonitisha mimi zaidi si hata ulevi, ni sukari. Ini la mtoto mdogo lina akiba ndogo ya sukari, na pombe inalizuia ini lisitengeneze nyingine. Sukari ya damu inaporomoka, mtoto analegea, anatoka jasho la baridi, na akicheleweshwa anaingia kwenye degedege. Hapo ndipo wengi wanachanganya mambo. Wanasubiri wamwone anapepesuka kama mlevi wa filamu, kumbe wa miaka miwili anaweza kuonekana "amesinzia tu". Joto la mwili nalo linashuka, pumzi inakuwa ya polepole.

Nisiwatie kiwewe bure. Vituo vya sumu vya Marekani vilipokea taarifa zaidi ya 70,000 za watoto wa miaka 12 kushuka chini waliogusana na sanitaiza kati ya 2011 na 2014. Tisa kati ya kila kumi walikuwa wa miaka mitano au chini yake, na karibu wote walikuwa wameimeza. Wengi hawakupata madhara makubwa. Ila wachache walioumia waliumia sana, na pale mwanzoni huwezi kujua wako atakuwa yupi.

Kwangu mimi kanuni ni moja: chupa ya sanitaiza ikae na dawa. Juu, ndani ya kabati, komeo limefungwa. Isikae mezani mwa chumba cha kulia, wala karibu na nepi kwa kuwa "ndipo ninapoihitaji". Na isiwe ile inayoning'inia kwenye begi kwa kimpira cha rangi, maana hiyo nimeshaiona kwa macho yangu: mama amempakata mtoto kwenye benchi, anaongea na simu, mtoto amekishika kichupa kwa mikono miwili, kizibo kinafunguka kwa kidole gumba, kinaenda moja kwa moja mdomoni. Sekunde tatu, nne. Mama hata simu hajaiondoa sikioni.

Karibuni.

---

Mama Wawili

Asante dada nesi, huu uzi nimeusubiri muda mrefu. Swali: si wanasema wanaweka kitu kichungu ili mtoto akionja ateme? Ya kwangu kwenye lebo imeandikwa hivyo.

---

Muuguzi wa Zamu

Ni kweli baadhi zina denatoniamu, ambayo ni kati ya vitu vichungu kuliko vyote vinavyojulikana. Inasaidia mtoto asirudie. Tatizo ni kwamba uchungu unafika ulimini pamoja na lile funda la kwanza, na mtoto wa mwaka na nusu anameza kwanza, anakunja uso baadaye. Halafu si kila sanitaiza imewekewa. Ichukulie kama bahati, usiihesabu kuwa ulinzi.

---

Mbishi wa Kudumu

Nyie watu mna mambo. Sisi tumekula udongo, tumekunywa maji ya mtaro, tumelamba kila kitu na tupo hapa tunaandika nyuzi. Leo kichupa cha mililita 50 ndio kitamaliza kizazi?

---

Baba Pacha

@Mbishi waliokunywa wakaondoka hawawezi kuja kuandika nyuzi mkuu.

---

Muuguzi wa Zamu

Haha. Mkuu Mbishi, udongo haukuwa na pombe asilimia 70. Rudia ile hesabu ya kijiko hapo juu halafu uiweke kwenye mililita 50 zako: ni vijiko vitatu na ushee. Mtoto hamalizi chupa, sawa, ila hahitaji kuimaliza.

---

Mfamasia Mkimya

Naongezea mawili ambayo mwanzisha uzi hajayagusa.

La kwanza ni sura ya chupa. Agosti 2020 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu sanitaiza zilizokuwa zikiuzwa ndani ya vifungashio vya vyakula na vinywaji: makopo ya bia, chupa za maji, hata vile vipakiti laini vya kunyonya vya watoto. Nyingine zilikuwa na ladha, si harufu tu, za chokoleti na rasiberi. Fikiria mtoto anayejua kwamba kipakiti chenye mdomo wa kunyonya ni chake. Umempa sumu ndani ya chombo ulichomfundisha kukiamini.

Na si lazima kiwanda kifanye ujinga huo, tunaufanya wenyewe. Mtu ananunua dumu la lita tano kwa kuwa ni nafuu, halafu anagawa kwenye chupa tupu za maji au soda. Sanitaiza ya maji maji haina rangi. Ipo kwenye chupa ya maji, ipo chini ya sinki, na mtoto ana kiu. Kama lazima ugawe, gawa kwenye chupa iliyokuwa ya sanitaiza, iwe na lebo yake. Na lile dumu lifungiwe kabisa.

La pili ni methanoli, pombe ya aina nyingine ambayo ni sumu. Sanitaiza halali inatumia ethanoli au aisopropanoli. Mwaka 2020, mahitaji yalipopanda ghafla, ziliingia sokoni zilizochanganywa na methanoli, na kuanzia Juni mwaka huo FDA ikawa inazitaja na kuziondoa moja baada ya nyingine. Katika majimbo ya Arizona na New Mexico, kati ya Mei na Juni, watu wazima 15 waliingia hospitali wakiwa na sumu ya methanoli baada ya kunywa sanitaiza. Wanne walifariki, na kuna waliotoka macho yakiwa hayaoni vizuri tena. Hao ni watu wazima, kwa mtoto kiasi kinachohitajika ni kidogo zaidi.

Ubaya wa methanoli ni kuchelewa. Yenyewe inalewesha kidogo tu. Ini ndilo linaloigeuza kuwa asidi ya fomiki, na hiyo ndiyo inayoshambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Dalili nzito zinaweza kuja saa 12 hata 24 baadaye, wakati mzazi ameshajipa moyo kwamba mambo yamepita. Wala huwezi kuitambua kwa kunusa au kwa kuangalia rangi. Kinga yako ni kununua bidhaa yenye lebo kamili, jina la mtengenezaji na namba ya toleo. Ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na jina, achana nayo.

---

Mama Wawili

Mfamasia leo umeongea kuliko mwaka mzima uliopita 😂

Basi nauliza na hii: zile zilizoandikwa "haina pombe" ni salama kwa watoto?

---

Mfamasia Mkimya

Nyingi ya hizo zina benzalkoniamu kloraidi. Hazileweshi na haziwaki moto. Ila si za kunywa pia, zinaweza kuunguza mdomo na koo zikiwa kali, na machoni zinachoma vilevile. Kwa kuua vijidudu CDC bado inapendelea zenye pombe pale sabuni na maji vinapokosekana. Kwa hiyo ukichagua hiyo, kabati ni lile lile.

---

Baba Pacha

Mimi nimeshakata shauri: nyumbani kwangu hakuna sanitaiza. Sabuni na maji, kwisha. Nina wawili wa umri mmoja, mmoja akivutia macho yako mwingine tayari yuko juu ya kabati. Sina muda wa kucheza kamari.

---

Muuguzi wa Zamu

Mkuu, nakuunga mkono zaidi ya nusu. Penye bomba na sabuni, sanitaiza haina kazi kubwa. Haiondoi uchafu unaoonekana wala mafuta, haiondoi kemikali kama viuatilifu, na kuna vijidudu vya kuharisha ambavyo haiviwezi vizuri, norovirusi kwa mfano. Ukishabadilisha nepi, sabuni ndiyo kazi yake. Sanitaiza ni ya njiani.

Ila usijidanganye kwamba umeifukuza nyumbani. Mgeni anaingia, anaweka mkoba sakafuni pembeni ya kochi. Ndani ya mkoba kuna nini? Sanitaiza, vidonge vya presha, manukato, pengine na kiberiti. Na mtoto anayetambaa anafungua mkoba kwa bidii kuliko polisi wa mpakani. Nyumbani kwangu kuna msumari mrefu ukutani karibu na mlango, juu kabisa, na kila anayeingia namwambia kwa heshima zote: "Shangazi, mkoba tuutundike hapa." Hajawahi kukasirika mtu.

---

Mwalimu wa Chekechea

Nimesoma yote, nawaletea la upande wetu. Mnaongelea kumeza tu, macho mmeyasahau.

Zile sanitaiza za kusimama mlangoni, za kukanyaga kwa mguu au za kukinga mkono, zimepangwa kwa urefu wa mtu mzima. Mdomo wa pampu uko usawa wa kiuno chako. Kiuno chako ndio uso wa mtoto wa miaka minne. Anakanyaga kwa nguvu zake zote maana kwake ni mchezo, anainama kuchungulia inatokea wapi, na inamrukia jichoni. Ufaransa waliangalia taarifa za vituo vyao vya sumu za Aprili hadi Agosti 2020: ajali za sanitaiza kwenye macho ya watoto ziliongezeka mara saba zikilinganishwa na miezi kama hiyo ya 2019. Kuna watoto waliohitaji upasuaji.

Ya jeli ni mbaya kwa namna yake, kwa sababu ina vitu vya kuifanya iwe nzito, navyo vinaifanya igande juu ya jicho badala ya kuteleza na machozi.

Darasani kwetu tulikuwa na moja ya kukanyaga mlangoni. Tuliiondoa, tukabaki na chupa moja inayokaa juu ya kabati, mwalimu ndiye anayebonyeza, mtoto anakinga viganja chini ya kifua chake, sio mbele ya uso. Kisha tunaimba mpaka mikono ikauke. Wimbo wenyewe ni mbaya sana, nimeutunga mimi, ila unatosha nusu dakika.

---

Kalamu Butu

Mwalimu tuwekee huo wimbo 🤣

---

Mwalimu wa Chekechea

Siweki, nina heshima yangu.

---

Kalamu Butu

Sawa. Sasa mimi yangu si ya mdogo, ni wa darasa la nne. Wenzake shuleni wana mchezo wa "nani anathubutu kunywa". Alinisimulia huku anacheka. Nilikasirika mpaka nikakosa la kumwambia.

---

Muuguzi wa Zamu

Umefanya vizuri kulileta, maana hili huwa linafunikwa. Kwenye zile taarifa za Marekani, watoto wa miaka 6 hadi 12 ndio walioonekana zaidi kunywa kwa kusudi, na ndio waliopata madhara makubwa zaidi kuliko wadogo. Sababu iko wazi: mdogo anaonja, huyu mkubwa anameza funda kamili kwa sababu kuna macho yanamtazama.

Usianze na hasira. Mwulize nani alikunywa, alikuwaje baada ya hapo, chupa ilikuwa ya nani. Kisha mwambie bila kuzunguka kwamba ile ni pombe kali kuliko anayoisikia, na kwamba akimwona mwenzake amelegea baada ya kunywa, kwenda kumwita mwalimu si usaliti. Na wewe mtafute mwalimu wa darasa, wala usingoje kikao cha wazazi. Za kila mtoto na yake begini zikusanywe, ibaki moja ya darasa mkononi mwa mwalimu.

---

Fundi Mitambo

Naingilia kwa upande wa moto kwa sababu kila mwaka likifika joto kuna mtu anatuma ujumbe kwamba sanitaiza ikiachwa kwenye gari inalipuka yenyewe. Mwaka 2020 ilizunguka picha ya mlango wa gari ulioungua. Ukweli ni kwamba ethanoli ili iwake yenyewe bila cheche inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 360 za Selsiasi. Gari halifiki huko hata ukiliacha jua kali siku nzima.

Lakini msishangilie. Mvuke wake unashika moto kwa cheche katika joto la kawaida kabisa la chumba. Na ndimi za moto wa ethanoli ni za bluu hafifu, mchana unaweza usizione, unaona tu mtoto anapiga kelele. Kwa hiyo mtoto aliyepakwa sanitaiza asisogee kwenye jiko, mshumaa wala kiberiti kabla mikono haijakauka kabisa. Ikimwagika kwenye nguo, ivue na uifue. Wale wanaotumia sanitaiza ya jeli kuwashia jiko, na wapo, siwezi hata kuanza nao.

Kwenye gari bado isiachwe, kwa sababu nyingine: joto linafurisha chupa, na mtoto wa kiti cha nyuma akiifungua inaweza kumrukia usoni. Hapo tumerudi kwa Mwalimu.

---

Bibi wa Mtandaoni

Wanangu, nami niulize. Zamani mtoto akipata homa tulimfuta mwili kwa spiriti ashuke joto. Mjukuu wangu akichemka na spiriti sina, sanitaiza si ndiyo ileile?

---

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo bibi. Asante kwa kuuliza kabla ya kufanya.

Usimfute, si kwa spiriti wala sanitaiza. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, eneo lake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na ukimfuta mwili mzima huku amefunikwa anavuta mvuke pia. Kuna watoto walioingia kwenye usingizi mzito usioamshika kwa kufutwa hivyo kwa pombe ya aisopropili (ndiyo ile aisopropanoli), madaktari wameyaandika haya tangu zamani. Hiyo aisopropili inalewesha kuliko ethanoli, na mwilini inageuka kuwa asetoni. Mjukuu akichemka mpunguzie nguo, mpe maji ya kunywa mara kwa mara, na dawa ya homa kwa kipimo cha uzito wake. Akiwa chini ya miezi mitatu na ana homa, mpeleke hospitali, asitibiwe nyumbani.

---

Bibi wa Mtandaoni

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, chupa naifungia kabatini.

---

Mama Wawili

Sasa nesi tupe lile lenyewe. Nimeingia chumbani nimekuta chupa iko wazi, mtoto mdomo unanuka. Nafanya nini, hatua kwa hatua? Dada wa kazi nitamsomea leo leo.

---

Muuguzi wa Zamu

Ondoa chupa. Mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji, kama anaweza kusukutua asukutue na kutema. Mwangalie: yuko macho, anakujibu, anapumua kawaida?

Kama hapana, yaani amelegea haamki, anapumua polepole au kwa kukatika, anatetemeka degedege, basi usitafute namba ya nani wala ushauri wa jirani. Mlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, piga simu ya dharura au mkimbize hospitali iliyo karibu. Mdomoni usimtie chochote.

Kama yuko sawa, tazama chupa. Lebo inasema asilimia ngapi, ilikuwa imejaa mpaka wapi, sasa imebaki wapi, sakafuni na kwenye nguo kumemwagika kiasi gani. Halafu piga kituo cha taarifa za sumu kama nchi yako inacho, na kama hakuna piga au nenda hospitali. Watakuuliza hayohayo: umri, uzito, kitu gani, kiasi gani, saa ngapi. Namba yenyewe iwe kwenye simu kabla ya siku hiyo, si uanze kuitafuta mikono ikitetemeka. Mpigaji mwenye majibu anaweza kuambiwa amwangalie nyumbani, ampe kitu chenye sukari kwa kuwa mtoto anameza vizuri, na apige tena baada ya muda fulani. Asiye na majibu ataambiwa aje, na ndiyo sahihi.

Usimtapishe. Si kwa kidole, wala maji ya chumvi, wala mafuta. Pombe inaingia kwenye damu haraka, mara nyingi ndani ya nusu saa hadi saa moja, utakachopata ni matapishi kwenye mapafu. Maziwa hayafuti pombe. Mkaa nao, hata ule wa hospitali, haushiki pombe, kwa hiyo usishangae daktari asipoutumia.

Mkienda, nenda na chupa yenyewe, kizibo kimefungwa. Na jambo moja ambalo nawaomba mlishike: mkifika, semeni wazi "amemeza sanitaiza" hapo hapo mapokezi, na muulize kama sukari yake imeshapimwa. Ni tone moja la damu kidoleni na jibu linatoka papo hapo. Foleni ikiwa ndefu na umesema tu "mtoto anasinzia", unaweza kukaa kwenye benchi wakati sukari inashuka.

---

Baba Pacha

Hapo kwa kusema "anasinzia" umenigusa. Wazazi wengi wanaficha, wanaogopa kuonekana wazembe mbele ya daktari.

---

Muuguzi wa Zamu

Wanaficha sana. Na sisi wahudumu tuna sehemu ya lawama, maana wapo wanaoanza kumfokea mama kabla hawajamshika mtoto. Ukikutana na wa hivyo, mwache aongee, wewe rudia: amemeza nini, kiasi gani, saa ngapi.

---

Mwalimu wa Chekechea

Na la jicho je? Nimewahi kujaribu kumsafisha mmoja, anafumba macho kwa nguvu zote, anapiga mateke, maji yanaishia kwenye nywele. Nilimwita mwenzangu ndipo tukafanikiwa.

---

Muuguzi wa Zamu

Wawili ndio inavyotakiwa. Mkiwepo wawili, mzungushieni kitenge au taulo mikono ikiwa ndani, mmoja ampakate, kichwa kiinamie upande wa jicho lililoingiwa ili maji yasikimbilie jicho lile jingine lisilo na tatizo. Wa pili amimine maji safi ya uvuguvugu, si ya moto wala ya barafu, kwa kikombe au jagi, polepole, kuanzia kona ya ndani karibu na pua kwenda nje. Usikazane kumbandua kope kwa kucha. Mimina mfululizo na umwambie apepese, akipepesa maji yanaingia yenyewe. Ukiwa peke yako, mwingize bafuni na nguo zake, maji yatiririke kwenye paji la uso yashuke machoni.

Dakika 15 mpaka 20 kwa saa ya ukutani, maana huku analia dakika tatu utaziona kama nusu saa. Usimtie dawa ya macho iliyobaki ya mtu mwingine, usimtie maziwa, na asisugue. Ukimaliza kumwaga maji ndipo muondoke kwenda hospitali kama jicho bado jekundu, linauma, halitaki mwanga au haoni vizuri. Kwa mtoto ambaye bado hajui kusema anaona au haoni, nendeni tu akaangaliwe.